Jarida la Upelelezi Lililowapokea Waandishi Wapya

Magazeti mengi huzaliwa na kufa kabla ya kutimiza mwaka. Huanza kwa kishindo, hutoka mara tatu au nne, kisha hunyamaza. Fedha za karatasi zimekwisha, au wasomaji wamechoka. Lakini huko Marekani lipo jarida moja la hadithi za upelelezi lililoanza mwaka 1941, na mwaka 2025 lilikuwa bado linatoka. Hiyo ni zaidi ya miaka 80. Jina lake ni Ellery Queen's Mystery Magazine. Kwa Kiswahili tungeliita Jarida la Mafumbo la Ellery Queen.

Jarida hili limedumu kwa sababu gani? Tukifuata historia yake tangu mwanzo, tutaona kwamba sababu moja kubwa ni hii: liliacha mlango wazi kwa mtu ambaye hajawahi kuandika. Jambo hilo linatuhusu sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, kwa maana wengi wetu hudhani kwamba kuandika ni kazi ya watu wengine.

HADITHI YA UPELELEZI NI NINI?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Hadithi ya upelelezi huanza na kosa. Mtu ameuawa, au mali imeibwa, na aliyefanya hajulikani. Mpelelezi huja. Hutazama, huuliza, hupima maneno ya kila mtu, na mwishoni humtaja mwenye kosa na kueleza alivyomjua.

Tuchukue mfano wa kijijini. Gunia la mahindi limeibwa ghalani. Watu wanamshuku kijana mmoja kwa kuwa juzi aliomba mahindi akanyimwa. Mpelelezi anakagua ghala, anaona punje zimeanguka njiani. Kumbe gunia lilikuwa na tundu. Anazifuata punje mpaka mtoni. Hapo zinakoma, na pana alama ya mtumbwi kwenye matope. Kijana yule hana mtumbwi, wala hajui kupiga kasia. Basi lazima aliyeiba awe mtu mwingine.

Mmeona? Msomaji amepewa punje, tundu na alama ya mtumbwi. Anaweza kufikiri mwenyewe kabla ya kuambiwa. Hadithi nzuri ya upelelezi haimfichi msomaji dalili. Humpa zote, kisha humwachia kazi ya kuzipanga. Kwa hiyo ni mazoezi mazuri kwa mtu aliyejifunza kusoma karibuni. Inamlazimu asome kwa makini na akumbuke yaliyosemwa nyuma.

Watu wengi hukubali kwamba hadithi ya kwanza ya namna hii katika nyakati hizi zetu iliandikwa na Mmarekani Edgar Allan Poe. Ilitolewa katika jarida mwaka 1841. Jarida tunalolizungumza lilizaliwa miaka 100 kamili baadaye.

BINAMU WAWILI, JINA MOJA

Ellery Queen hakuwa mtu. Lilikuwa jina la kalamu la binamu wawili kutoka Brooklyn, katika jiji la New York. Mmoja aliitwa Frederic Dannay na wa pili Manfred B. Lee. Wote wawili walizaliwa mwaka 1905.

Mwaka 1928 jarida moja na mchapishaji wa vitabu walitangaza mashindano ya kuandika hadithi ndefu ya upelelezi. Zawadi ilikuwa dola 7,500, fedha nyingi sana wakati ule. Vijana hawa walikuwa na kazi zao za mchana, kwa hiyo waliandika usiku na siku za mapumziko. Wakaambiwa wameshinda. Lakini kabla hawajapokea zawadi, jarida lile lilifilisika. Mwenye mali mpya akampa zawadi mtu mwingine. Mchapishaji wa vitabu hata hivyo aliipenda kazi yao, akaichapa mwaka 1929. Hicho kikawa kitabu cha kwanza cha Ellery Queen.

Katika vitabu vyao vya mwanzo walikuwa na mtindo wa pekee. Karibu na mwisho walisimamisha hadithi na kumwambia msomaji kwamba sasa anazo dalili zote, ajaribu kumtaja mwenye kosa kabla ya kuendelea. Walimpa msomaji heshima ya mtu mwenye akili. Watu wakavipenda sana vitabu hivyo. Kwa miaka kadhaa wasomaji hawakujua kwamba Ellery Queen ni watu wawili. Binamu hao walipokwenda kuzungumza mbele ya watu walivaa vinyago usoni.

JARIDA LA KWANZA LAKUFA

Mwaka 1933 walianzisha jarida lao la kwanza, wakaliita Mystery League. Walitaka lichape hadithi nzuri tupu. Kazi karibu yote waliifanya wenyewe. Walichagua hadithi, wakasahihisha, wakapanga kurasa.

Lakini mwaka ule uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka vibaya. Watu wengi hawakuwa na kazi, na mchapishaji hakuwa na mtaji wa kutosha. Jarida lilitoka mara nne tu, likafa.

Sisi mabwana shamba tunalijua jambo hili. Mbegu inaweza kuwa nzuri na mkulima akawa hodari, lakini mvua isiponyesha hakuna mavuno. Mkulima mwenye busara haitupi mbegu kwa sababu ya mwaka mmoja wa ukame. Huihifadhi akangoja msimu mwingine. Dannay naye alingoja miaka minane.

JARIDA LA PILI LAZALIWA

Mwaka 1941 Dannay alipata mchapishaji mwenye uwezo, Lawrence E. Spivak, ambaye tayari alikuwa na jarida jingine. Toleo la kwanza la Ellery Queen's Mystery Magazine lilitoka majira ya vuli mwaka huo. Lilikuwa na kurasa 128, na umbo lake lilikuwa dogo kama la kitabu cha kawaida. Bei yake ilikuwa senti 25 za dola. Ndani yake mlikuwa na hadithi za waandishi waliojulikana, kama Dashiell Hammett na Margery Allingham.

Safari hii walianza polepole. Kwanza jarida lilitoka mara nne kwa mwaka. Mwaka 1942 likawa linatoka kila baada ya miezi miwili. Mwaka 1946 likawa la kila mwezi. Hawakuongeza hatua mpaka walipoona miguu ina nguvu.

Lee alishughulika zaidi na kuandika vitabu. Kazi ya uhariri ilikuwa ya Dannay. Yeye ndiye aliyesoma hadithi zilizoletwa, akawaandikia waandishi barua, na mbele ya kila hadithi akaweka maneno machache ya kumtambulisha mwandishi kwa msomaji. Alikuwa na kasoro yake pia. Alipenda kubadili majina ya hadithi za watu, na waandishi wengine walikasirika.

Wakati ule watu wengi wenye elimu waliidharau hadithi ya upelelezi. Walisema ni chakula cha watoto. Dannay alitaka kuwaonyesha kwamba wamekosea. Alitafuta hadithi za makosa na mafumbo zilizoandikwa na waandishi wakubwa wa dunia, akazichapa upya bega kwa bega na hadithi za wapelelezi.

MASHINDANO YA MWAKA 1945

Mwaka 1945 jarida lilitangaza mashindano ya hadithi fupi. Mtu yeyote aliruhusiwa kuleta hadithi. Zawadi ya kwanza ilikuwa dola 2,000.

Miongoni mwa walioleta alikuwamo William Faulkner. Huyu alikuwa mwandishi mkubwa wa Marekani, na miaka michache baadaye alipewa zawadi ya Nobel ya uandishi ya mwaka 1949. Hakuna zawadi ya waandishi iliyo juu kuliko hiyo. Mtu angedhani kwamba jina lake pekee lingetosha kumpa ushindi.

Haikuwa hivyo. Aliyeshinda mwaka 1946 alikuwa Manly Wade Wellman. Hadithi yake ilimhusu askari polisi kijana wa wenyeji wa asili wa Marekani, anayetafuta mwuaji katika kabila lake. Inafaa tujue pia kwamba Wellman alizaliwa hapa Afrika, nchini Angola, mwaka 1903, baba yake alipokuwa daktari huko. Faulkner alipata zawadi ya pili, dola 250. Hakufurahi hata kidogo. Alimwandikia wakala wake barua ya kulalamika.

Mtu anaweza kubishana na waamuzi, na hata leo wapo wanaosema hadithi ya Faulkner ingestahili kushinda. Lakini fikiria maana ya uamuzi ule kwa mtu asiyejulikana aliyekuwa ameketi nyumbani kwake na karatasi mkononi. Alijifunza kwamba jina kubwa halipiti bure katika jarida hili. Hadithi ndiyo itakayopimwa, na pengine yake nayo itapimwa kwa haki.

KITALU CHA WAANDISHI

Mkulima wa kahawa hapandi mbegu moja kwa moja shambani. Huiweka kwanza kitaluni, akaifunika kivuli na kuimwagilia maji. Mche ukipata nguvu ndipo huupeleka shambani. Jarida hili lilikuwa na kitalu chake. Liliweka sehemu maalumu ya watu wanaochapwa kwa mara ya kwanza maishani. Sehemu hiyo iliendelea miaka kwa miaka, na mamia ya waandishi wamepitia hapo.

Kijana James Yaffe alichapwa mwaka 1943 akiwa bado mtoto wa shule. Harry Kemelman alichapwa mwaka 1947. Hadithi yake ilihusu mtu aliyesikia sentensi moja tu ikisemwa na mtu mwingine, naye kwa kuipima sentensi hiyo neno kwa neno akagundua kosa kubwa. Baadaye Kemelman alipata sifa kwa vitabu vyake.

Mwaka 1948 alikuja Stanley Ellin. Huyu si mtu aliyekaa ofisini maisha yake yote. Alikuwa amefanya kazi ya ng'ombe wa maziwa, akafanya kazi ya vyuma, akafundisha shule, akawa askari wakati wa vita. Hadithi yake ya kwanza ilipotoka katika jarida hili ilisifiwa mara moja. Hakuwa na haraka. Aliandika ukurasa akaurudia tena na tena mpaka aridhike. Kwa miaka mingi alitoa karibu hadithi moja tu kwa mwaka. Hata hivyo alipata zawadi nyingi, na hadithi zake zinasomwa mpaka leo.

Mwenzake Edward D. Hoch alikuwa kinyume chake. Yeye aliandika upesi mno. Tangu Mei 1973 mpaka alipofariki Januari 2008, hakuna toleo la jarida lililokosa hadithi yake. Hata alipokwisha kufa, hadithi alizoziacha ziliendelea kutoka kwa miezi kadhaa. Kwa jumla aliandika hadithi fupi zaidi ya 900. Kwa hiyo hakuna kipimo kimoja cha mwandishi. Yuko anayekwenda kama kobe na yuko anayekwenda kama sungura, na jarida lilikuwa na nafasi kwa wote wawili.

MLANGO KWA LUGHA NYINGINE

Jarida huandikwa kwa Kiingereza, lakini halikuwafungia nje watu wa lugha nyingine. Mwaka 1948 lilichapa hadithi ya Jorge Luis Borges wa Argentina, iliyotafsiriwa kutoka Kihispania. Leo Borges anatajwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa karne iliyopita. Lakini wakati ule wasomaji wa Kiingereza hawakumjua. Hiyo ilikuwa hadithi yake ya kwanza kutolewa kwa Kiingereza, na waliompokea hawakuwa maprofesa wa vyuo vikuu. Lilikuwa jarida la senti chache, la wapenda upelelezi.

Desturi hiyo haikupotea. Mwaka 2003 jarida lilianzisha sehemu ya kudumu kwa hadithi zilizotafsiriwa kutoka nchi mbalimbali.

MIKONO ILIYOLISHIKA

Manfred Lee alifariki mwaka 1971. Dannay aliendelea kuwa mhariri mpaka alipofariki mwaka 1982. Kwa hiyo mtu mmoja alilitunza jarida kwa miaka 41. Baada yake alikuja Eleanor Sullivan, aliyekuwa amefanya kazi naye. Mwaka 1991 uhariri ulishikwa na Janet Hutchings, akakaa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2025 nafasi hiyo ilichukuliwa na Jackie Sherbow, ambaye naye alikuwa mfanyakazi wa humo humo.

Hebu tuhesabu. Katika miaka zaidi ya 80 jarida limekuwa na wahariri wanne tu. Wenye mali walibadilika mara nyingi zaidi. Jarida liliuzwa miaka ya 1950, likauzwa tena mara mbili miaka ya 1990, na likauzwa tena mwaka 2025. Fedha zilitoka mfuko huu zikaingia mfuko ule, lakini aliyechagua hadithi alikuwa mtu anayeijua kazi, aliyejifunza kwa mkubwa wake. Mambo hayo ni sawa na ya ushirika. Wenyekiti hubadilika, lakini mkiwa na karani mwaminifu anayejua mizani na vitabu vya hesabu, ushirika hausimami.

Tusidhani njia ilikuwa laini. Televisheni ilipoenea nchini Marekani miaka ya 1950, watu wengi waliacha kununua majarida ya hadithi. Vitabu vya bei nafuu navyo vilishindana nayo. Jarida mashuhuri la upelelezi lililoitwa Black Mask, lililoanza mwaka 1920, lilikufa mwaka 1951. Ellery Queen's Mystery Magazine lilirithi jina hilo, likawa linalitumia kwa baadhi ya hadithi zake. Mwaka 2017 lenyewe lilipunguza safari. Liliacha kutoka kila mwezi, likawa linatoka mara sita kwa mwaka, kila toleo likiwa nene zaidi. Mzee akipunguza mwendo bado anaweza kufika.

UPELELEZI KATIKA KISWAHILI

Ndugu msomaji, mashindano kama yale ya mwaka 1945 yamewahi kutuzalia matunda na sisi. Mwaka 1957 na 1958 palikuwa na mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili, yaliyoendeshwa na shirika la vitabu la Afrika Mashariki. Aliyeshinda alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapwa kuwa kitabu mwaka 1960. Humo tunakutana na mpelelezi Bwana Msa, mvuta kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Wengi wanamfananisha na Sherlock Holmes, mpelelezi maarufu wa hadithi za Kiingereza. Lakini mitaa, maneno na mambo anayoyachunguza ni ya visiwani.

Na huyu Muhammed Said Abdulla alikuwa nani? Alianza kazi katika idara ya afya kama mkaguzi. Baadaye akawa mwandishi wa magazeti. Kisha, tangu mwaka 1958 mpaka alipostaafu mwaka 1968, alikuwa mhariri wa jarida la kilimo lililoitwa Mkulima. Ndiyo, ndugu zangu. Mtu aliyetuletea Bwana Msa ndiye aliyekuwa akiwahariria wakulima jarida lao. Habari za shamba na hadithi za mafumbo zilitoka katika kalamu moja.

TUJIFUNZE NINI?

Jambo la kwanza ni kutokata tamaa mapema. Jarida la mwaka 1933 lilikufa baada ya matoleo manne. Lile la mwaka 1941 limepita miaka 80, na aliyeyaongoza yote mawili ni mtu yule yule.

Jambo la pili ni kusoma kwa kupima. Ukisoma hadithi, au tangazo la bei ya mazao, au karatasi ya mkopo, uliza kama mpelelezi. Nani anasema? Amejuaje? Dalili iko wapi? Mtu asomaye hivyo hadanganyiki upesi.

Jambo la tatu ndilo kubwa. Usiseme kwamba huwezi kuandika kwa sababu umejifunza kusoma ukubwani, au kwa sababu mikono yako imezoea jembe. Stanley Ellin alikuwa amechunga ng'ombe wa maziwa. James Yaffe alikuwa mtoto wa shule. Kila kijiji kina kisa cha mbuzi aliyepotea, mpaka wa shamba uliosogezwa usiku, au fedha za chama zilizoyeyuka. Chukua daftari, andika kisa kimoja bila kutaja majina ya watu. Kisome mbele ya wenzako wa darasa, usikie wanakwama wapi. Kisha kirudie.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini jarida la mwaka 1933 halikudumu? Je, katika kijiji chenu kuna kazi nzuri iliyokufa kwa sababu kama hiyo?

2. Waamuzi wa mwaka 1946 walimpa Faulkner zawadi ya pili. Je, ingekuwa halali kumpa ya kwanza kwa ajili ya jina lake? Elezeni sababu zenu.

3. Katika mfano wa gunia la mahindi, ni dalili gani ilimwokoa yule kijana? Kama isingalikuwapo, watu wangalifanya nini?